Malisho kwa Dozi: Kumtunza Punda Mgonjwa Mjini Iringa

Punda hubeba mengi na huandikwa machache. Vitabu vyetu vya ufugaji huanza na ng'ombe, hufuata mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Punda hupewa ukurasa mmoja mwishoni, kama hakusahauliwa kabisa. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya Mkoa wa Iringa, gunia la mahindi, dumu la maji na mzigo wa kuni huanza safari mgongoni mwake au juu ya mkokoteni wake. Baadhi ya wanyama hao hufikia mjini, katika kata kama Mlandege, ambako nyumba zimebanana, uwanja ni mdogo, na nyasi hutafutwa kando ya barabara au hununuliwa kwa fungu.

Makala haya yanamhusu punda wa namna hiyo anapopatwa na maradhi. Hoja yake ni moja: kwa punda mgonjwa, malisho ni sehemu ya tiba, nayo hupimwa kama dawa. Ni lazima ijulikane ni kiasi gani, ni saa ngapi, ni mahali gani, na pamoja na nani. Punda aliyezidishiwa huugua. Aliyenyimwa ghafla anaweza kufa.

Kwa nini daktari wa binadamu anaandika habari za punda

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mama mmoja wa Mlandege ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda kupita kiasi. Ameniruhusu kusimulia habari yake bila kumtaja jina.

“Mama, dawa umeziacha tangu lini?”

“Majuma sita sasa, daktari. Punda amegoma.”

Jibu hilo lilihitaji maelezo. Mumewe alikuwa na mkokoteni wa kupeleka magunia sokoni, na mapato yake ndiyo yaliyonunua dawa. Punda wao jike, aliyeletwa kutoka Ismani, alikuwa amenawiri: tumbo duara, shingo nene, manyoya yanang'aa. Majirani walimsifu mwenye mali. Kisha mnyama akaanza kusita kwenye barabara ngumu, akakataa kugeuka, na mwisho akakataa kuondoka uani. Alipigwa kwa ukaidi ambao hakuwa nao. Daktari wa mifugo alipoitwa alibaini kuwa kwato zote mbili za mbele zilikuwa na joto na maumivu makali. Chanzo kilikuwa chakula: bakuli la pumba asubuhi na jioni, na majani ya tembo yaliyobaki kwa ng'ombe wa jirani.

Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Nyumbani kwa mama huyu mzigo haukufika, dawa hazikununuliwa, na madhara yaliyoanzia katika kwato yalionekana kwenye mashine ya kupimia shinikizo la damu. Tangu hapo nimekuwa nikijifunza suala hili pamoja na wenzangu wa tiba ya mifugo, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na mafunzo hayo.

Punda si ng'ombe mdogo

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na hucheua. Vijidudu vilivyomo katika chumba cha kwanza huchachua nyasi na kuvunja baadhi ya sumu kabla chakula hakijafika kwenye utumbo. Punda, kama farasi na pundamilia, ana tumbo moja dogo, na uchachuaji hufanyika nyuma kabisa, katika utumbo mkubwa. Hacheui, hawezi kutapika, na hana kibofu cha nyongo. Mwili wake umeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Akiwa huru anaweza kutumia saa 14 hadi 16 kwa siku akitafuta na kutafuna.

Zaidi ya hayo, asili ya punda ni nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Amezoea nyasi kavu zenye nyuzi nyingi na lishe haba. Mahitaji yake ni madogo kuliko ya farasi wa uzito huohuo: chakula kikavu chenye uzito wa asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wa mwili wake kwa siku. Punda wa kilo 150, basi, anahitaji takribani kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu, na sehemu kubwa ya hicho iwe mabua, majani makavu au nyasi zilizokomaa. Anayempa pumba kila siku bila kazi nzito anamlisha kama ng'ombe wa maziwa mnyama ambaye hana maziwa ya kuuza.

Kwato, mafuta na insulini

Ugonjwa uliompata punda wa Mlandege huitwa laminaitisi. Ndani ya kwato kuna tabaka laini linaloushikilia mfupa wa mwisho wa mguu kwenye ukuta mgumu wa kwato. Tabaka hilo likidhoofika, uzito wote wa mnyama hukandamiza mfupa ulioanza kulegea. Maumivu yake ni makubwa, na katika hali mbaya mfupa huzama au hupinda chini.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chanzo ni utumbo kuvurugika tu baada ya mnyama kula nafaka nyingi. Hilo hutokea. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kwamba farasi wadogo wenye afya, waliowekewa kiwango cha juu cha insulini mfululizo, walipata laminaitisi ingawa sukari katika damu yao ilikuwa ya kawaida. Kwa daktari wa kisukari habari hii inafahamika nusu. Binadamu mnene ambaye mwili wake umekuwa sugu kwa insulini hutoa insulini nyingi, hadi kongosho linapochoka na sukari kupanda. Kongosho la farasi na punda huchoka mara chache. Insulini hubaki juu, na adhabu huangukia kwato.

Mfugaji anaweza kuona dalili za hatari mapema bila maabara. Apapase ukosi, yaani sehemu ya juu ya shingo: ukiwa mnene na mgumu, au umelala upande mmoja, mafuta yamezidi. Apapase mbavu: zinapaswa kuhisiwa kwa vidole bila kubonyeza sana. Atazame matako na kando ya mkia kama kuna mabonge ya mafuta. Dalili za laminaitisi yenyewe ni mnyama kusimama akiegemea nyuma ili kupunguza uzito wa mbele, kuhamisha uzito mguu hadi mguu, kutembea kama anayekanyaga mawe ya moto, kulala muda mrefu, na mshipa wa damu kudunda kwa nguvu juu kidogo ya kwato. Mnyama wa namna hiyo asilazimishwe kutembea.

Nyasi zinazopunguza mifupa

Hatari ya pili haionekani upesi. Nyasi kadhaa za nchi za joto, zikiwemo majani ya tembo, nyasi za kikuyu na setaria, zina oksaleti. Kemikali hiyo hufungamana na kalisiamu ndani ya utumbo, na mwili hushindwa kuifyonza. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huvunja sehemu kubwa ya oksaleti, ndiyo maana ng'ombe hunenepa kwa nyasi hizohizo. Punda na farasi hawana kinga hiyo. Sasa ongeza pumba, ambazo zina fosforasi nyingi sana na kalisiamu kidogo mno, nazo fosforasi nyingi huzidi kuzuia ufyonzwaji wa kalisiamu.

Mwili hauwezi kuacha kalisiamu ya damu ishuke, kwa kuwa moyo na misuli huitegemea. Tezi za parathairoidi hutoa homoni inayochota kalisiamu kutoka kwenye mifupa. Mifupa ya uso hujaa tishu laini na kuvimba, meno hulegea, na mnyama huchechemea leo mguu huu, kesho ule. Ugonjwa huu umeelezwa zaidi kwa farasi, na zamani huko Ulaya ulihusishwa na farasi wa wasaga nafaka waliolishwa pumba. Wagonjwa wetu wa figo sugu hupatwa na jambo linalofanana: fosforasi hupanda, tezi hizo huamka, na mifupa hulipa deni.

Kinga yake si ghali. Changanya nyasi: majani ya tembo yasiwe chakula pekee cha punda, na nyasi za kando ya mto au mashambani ziwe za aina mbalimbali. Pumba zipunguzwe, na zinapolazimu ziambatane na chokaa maalumu ya chakula cha mifugo kwa kipimo cha afisa mifugo. Jiwe la chumvi liwepo daima. Lusina, mti wa malisho unaosifiwa kwa ng'ombe na mbuzi, haumfai punda, kwa kuwa kemikali yake inaweza kumnyofoa manyoya ya shingo na mkia na kuharibu kwato.

Kumfungia chakula si tiba

Mfugaji akisikia kwamba punda wake amenenepa kupita kiasi, anaweza kuamua kumfungia chakula. Uamuzi huo ni wa hatari kuliko unene wenyewe. Punda mnene anayekosa chakula ghafla huyeyusha mafuta ya mwili kwa kasi isiyodhibitiwa. Mafuta hufurika katika damu, ini hujaa na kushindwa kazi, figo hufuata. Mnyama huwa mzito, huinamisha kichwa, hukataa hata kile kidogo anachopewa, na wengi wa waliofikia hatua hiyo hufa. Punda jike mwenye mimba au anayenyonyesha yumo katika hatari kubwa zaidi.

Kuna sababu nyingine inayoweza kuleta hali hiyo, nayo watu wa mjini huisahau: upweke. Punda hufungamana na mwenzake. Akitenganishwa naye kwa kuuzwa, kwa kifo au kwa kufungiwa mbali, anaweza kuacha kula. Kwa hiyo mgonjwa asiondolewe mbele ya mwenzake. Kama hakuna budi kumpumzisha uani, mwenzake akae karibu, au angalau wawe wanaonana kwa karibu.

Kupunguza uzito huchukua miezi. Kwanza ondoa pumba na mabaki ya jikoni. Kisha badilisha nyasi mbichi kwa mabua na majani makavu, taratibu, kwa muda wa siku 7 hadi 14, ili vijidudu vya utumboni vizoee. Pima mzingo wa kifua kwa tepu ya fundi cherehani kila baada ya majuma mawili na uandike. Bonge la mafuta shingoni linaweza kubaki hata baada ya mwili kupungua. Lisimkatishe mtu tamaa.

Saa na mahali pa kumwachilia

Nyasi hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuitumia usiku zinapokua. Kwa sababu hiyo sukari ya majani huwa ndogo alfajiri na huongezeka kadiri siku inavyosonga, hadi kilele chake alasiri yenye jua. Kwa punda aliyewahi kuumwa kwato, saa nzuri za malisho ni tangu jua linapochomoza hadi kati ya asubuhi. Asubuhi yenye jalidi, kama zilivyo baadhi ya asubuhi za Juni na Julai huko Mufindi na Njombe, ni tofauti: baridi kali huzuia nyasi kukua, na sukari hubaki ndani ya jani.

Msimu wenye hatari zaidi mjini Iringa huanza na mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Nyasi changa huchipua baada ya miezi ya ukame, na mnyama aliyezoea mabua huzishambulia. Hapo punda aachiliwe kwa nusu saa, kisha saa moja, na kuongezewa polepole. Tahadhari: mnyama mwenye njaa hula haraka sana muda ukiwa mfupi. Apewe mabua kwanza, ndipo aende malishoni.

Kuhusu mahali, uwanja wa Mlandege unaweza kuonekana hauna faida kwa kukosa nyasi. Kwa punda mnene au mwenye maumivu, uwanja mkavu usio na nyasi ndio hasa unaotakiwa, mradi una kivuli, maji safi, na sehemu laini ya kusimama na kulala iliyotandazwa mchanga au maranda ya mbao. Maji ya kutosha ni lita 10 hadi 25 kwa siku, kulingana na joto na kazi. Punda huvumilia kiu bila kulalamika, lakini mabua makavu bila maji huziba utumbo.

Anapofungwa kamba kando ya barabara, kagua kwanza eneo lake. Mnyonyo, unaoota ovyo kwenye majalala na kando ya ua, una mbegu zenye sumu kali kwake. Mifuko ya plastiki huziba utumbo na kuua. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, lakini vipande vya zamani na vifungashio vingine bado vimo katika taka. Kisiwani Lamu, ambako punda ni usafiri wa kila siku na shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na huduma yake tangu mwaka 1987, plastiki ni adui anayejulikana vyema. Aidha, okota kinyesi malishoni mara mbili kwa juma, kwa kuwa minyoo ya punda huanzia hapo.

Kwa wachache wanaofuga farasi, saa za malisho zina umuhimu mwingine. Ugonjwa wa farasi wa Afrika husababishwa na virusi vinavyoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma hasa tangu machweo hadi macheo. Unaweza kuua farasi tisa kati ya kumi walioambukizwa, wala hauna dawa ya kuutibu. Punda wa kwetu huambukizwa mara nyingi bila kuonyesha dalili. Farasi aingizwe bandani kabla ya jua kuzama na asitolewe kabla halijachomoza, hasa miezi ya mvua, na suala la chanjo lijadiliwe na daktari wa mifugo.

Chakula na dawa za wanyama wengine

Nyumba za mjini hufuga wanyama wa aina kadhaa pamoja, na makosa huanzia stoo. Chakula cha kuku wa nyama huweza kuwa na dawa ya kuzuia koksidia, kama vile monensini. Kiasi kisichomdhuru kuku huweza kuusimamisha moyo wa punda au farasi. Dawa ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe yenye amitrazi haipaswi kutumiwa kwa punda, kwani hulegeza utumbo hadi kinyesi kikaziba.

Mahindi yenye ukungu nayo si chakula cha mnyama. Sumukuvu inayoitwa fumonisini, itokanayo na ukungu wa mahindi, huyeyusha ubongo wa punda na farasi: mnyama hupepesuka, huzunguka, hugonga kichwa ukutani na kufa katika siku chache. Watu nao hawako salama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje iliyokataliwa jikoni kwa ukungu isihamishiwe kwenye bakuli la punda.

Punda wawili, ratiba mbili

Mnene mwenye kwato zinazouma: asifanye kazi, asile nyasi mbichi wala pumba, apewe mabua na majani makavu kwa uzito uliopimwa, yakigawanywa mara nne au zaidi kwa siku, akae kwenye uwanja laini pamoja na mwenzake, daktari wa mifugo aamue dawa ya maumivu na kukata kwato. Arudi malishoni majuma kadhaa baada ya maumivu kwisha, asubuhi tu.

Mzee aliyekonda: kwanza akaguliwe meno. Punda anayedondosha mafundo ya nyasi zilizotafunwa nusu hana njaa ya nyasi, ana njaa ya meno. Anahitaji nyasi laini zilizokatwakatwa, muda mrefu zaidi malishoni, na dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake. Ratiba ya yule mnene ingemmaliza.

Punda wa Mlandege alichukua miezi kadhaa kurudi kazini, na mwenye mkokoteni alikubali safari fupi na magunia machache. Haikuwa ahueni kamili. Ilitosha kwa dawa za mama kununuliwa tena.

Usalama wa anayemhudumia

Punda anayeshindwa kumeza, anayetokwa na mate mengi au aliyebadilika tabia ghafla anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani mwake. Aliyeumwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Pepopunda nayo hupita kwenye majeraha madogo, iwe ya kwato za mnyama au ya mguu wa mfugaji, na jina lake la Kiswahili linatukumbusha kwamba wazee walikwisha kuiona kwa punda. Anayefanya kazi zizini ahakikishe chanjo yake haijapitwa na wakati.

Mnyama asiye rahisi kumbadilisha

Punda jike hubeba mimba takribani mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hitaji la ngozi zake katika soko la dawa za asili za China limemaliza makundi katika nchi nyingi. Tanzania ilisimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliridhia marufuku ya bara zima. Marufuku huzuia kisu, lakini haiwezi kuzuia bakuli la pumba lililojazwa kwa mapenzi.

Atakayeona punda wake anasita kwenye barabara ngumu, ameacha kula kwa siku moja, au amevimba uso, amwone afisa mifugo wa kata mapema. Sampuli zinaweza kupimwa katika kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Iringa. Aende na daftari lenye mambo manne: punda amekula nini juma hili, kwa uzito gani, saa ngapi aliachiliwa, na mzingo wa kifua chake ulikuwa sentimita ngapi alipopimwa mara ya mwisho.